Basi mbele, jeep nyuma: shida za milimani na namna ya kuzitatua (toka Bukavu)

Tuko na basi moja ya Coaster yenye tuligeuza kuwa nyumba: vitanda vine, jiko ya gazi, tanki ya maji ya lita 200, kabati ya dawa, na nyuma yake tunavutaka jeep ndogo ya Suzuki ya vitesi vya mukono. Kazi yetu ni kupeleka timu ya macho na meno mu vijiji vya Kivu ya Kusini. Basi inabaki ku barabara kubwa, inakuwa nyumba na ofisi, halafu jeep njo inaingia mu zile njia za udongo zenye basi haiwezi hata kujaribu.

Bashofere benzangu banaulizaka maswali yale yale, ya freni, ya moto, ya chuma cha kuvutia, na kila mara naandika jibu refu ku telefone, sasa naona afazali niweke yote pamoja. Nimepanga kwa alama, ni kusema kile unaona, unasikia ao unanusa, halafu sababu kuanzia ile yenye tunakutanaka nayo sana.

Kitu moja mbele ya yote: gari ya nyuma haisemake. Ile unaendesha inakwambia kila kitu, usukani unatetemeka, pedali inabadilika, sauti ya motere inabadilika, lakini ile ya nyuma pine inaweza kutoboka na kuchanika mpaka janti inagusa kokoto na weye uko mbele unaongea na batu tu, juu basi iko nzito sana kuipita. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwa karibu kila shida hapa chini ni kusimama, kushuka na kupeleka mukono. Kiganja karibu ya janti, bila kugusa chuma, linganisha kushoto na kuume. Sisi tunafanya hivyo kisha kilometa 5 za kwanza, mbele ya kila muteremko mukubwa, kisha huo muteremko, na hata barabara ikiwa nzuri angalau kila saa moja.

Na mbele ya kuondoka, uliza batu benye banatoka kule unaenda. Barabara ya jana si ya leo, sana sana toka mwezi wa 9 mpaka wa 5 wakati mvua inanyesha na udongo unateremuka.

Pedali ya freni inakuwa laini ku muteremko, ao inaenda mpaka chini

Hii njo shida yenye inauaka batu, nitaikalia kidogo.

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu. Ziwa Tanganyika pale Uvira iko karibu mita 770. Ni kusema kufika Uvira unashuka zaidi ya mita 700, na kipande kikali ni Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, mulima upande moja na shimo upande ingine, kona juu ya kona. Kila kilo yenye uko nayo, pamoja na zile za jeep, inapashwa kusimamishwa na kitu fulani, na kama haiko motere basi ni freni, na freni ikifanya kazi hiyo yote peke yake inapata moto mpaka inaacha kushika.

Sababu ya kwanza, na hapa nasema bila kuficha, ni muguu wa shofere. Mutu anashuka na vitesi ya 4, anaweka muguu ku pedali kidogo kidogo toka juu mpaka chini, anazani anaendesha na akili juu haendi mbio. Ile kukanyaga kidogo bila kuachia njo inapika freni kuliko kitu chote. Ingia vitesi ya chini MBELE ya muteremko, si katikati, juu katikati vitesi inaweza kukataa kuingia na utabaki mu neutre (bila vitesi yoyote), na basi ya tani nyingi mu neutre ku Ngomo haiko tena yako. Vitesi ya 2 kama ulipandaka hapo na 2, na ukiwa na mashaka shuka moja zaidi. Freni ya motere ifanye kazi, halafu ukiona umefika 30 kanyaga kwa nguvu ya kweli mpaka 20, achia KABISA, freni ipumue, ikirudi 30 rudia. Kama gari yako iko na freni ya eshapma (ile inafunga moshi wa motere ili motere ishike gari), iwashe toka juu.

Sababu ya pili: jeep haina freni yake. Gari ndogo ya kilo 1,000 yenye inasukuma tu nyuma, kazi yake yote inaangukia freni za mbele. Sisi tuliweka mu jeep kile kisanduku chenye kinakanyaga pedali yake wakati basi inafunga freni, inasaidia sana, lakini hata nacho tunajua mpaka wake. Dawa yetu ya Ngomo ni rahisi na haiombi franga: juu kabisa, mbele ya kuanza kushuka, tunakata jeep na konvoyere (musaidizi wa shofere) mwenye permis anaishusha yeye mwenyewe na vitesi yake. Inatukamata dakika 15. Kuko bashofere banaona ni kupoteza wakati. Mi ninaona ni dakika 15 za bei ya chini sana.

Sababu ya tatu ni mafuta ya freni ya zamani. Hayo mafuta yanakunywaka maji ya hewa polepole hata kama kopo imefungwa. Aina yake inaandikwa ku kopo: DOT 4 mupya inachemka karibu digri 230, lakini ikishajaa maji inaweza kuchemkia karibu 155, na DOT 3 ya zamani karibu 140. Ikichemka inatoa mvuke mu mirija, mvuke unabanika, njo maana muguu unaenda mpaka chini na gari haisimami. Angalia rangi: mapya yako karibu na chai mwepesi, ya zamani yako sawa kahawa. Yakiwa meusi badilisha yote, usiongeze juu. Kila miaka 2 hata kama haukutembea sana.

Kisha hapo njo unaangalia vile vya ndani: plaketi zimekwisha, tamburi ya nyuma (ile ngoma ya chuma ya freni) haijakazwa, silinda ya juu (ile pedali inasukuma) inavuja. Kipimo cha nyumbani: simamisha gari, motere inawaka, kanyaga pedali na uishike sekonde 30. Ikiteremuka polepole yenyewe, kuko mahali inavuja ao silinda ya juu imechoka. Ukipampu mara mbili na inapanda juu, ni hewa ao tamburi zinaomba kukazwa. Ikiwa ngumu sawa jiwe na gari haisimami, ni ile saidizi ya freni, angalia kwanza mupira wake kama haujapasuka ao kutoka.

Kama pedali imekufa na uko unashuka: pampu haraka haraka, shusha vitesi moja kwa moja, usiruke, vuta freni ya mukono kidogo kidogo, na peleka gari upande wa MULIMA, isugue udongo. Kabati ikivunjika tutanunua ingine. Ukisha kusimama weka kala kwa pine zote za nyuma, jiwe kubwa ao ubao, usikaze freni ya mukono sana kwa tamburi yenye iko moto juu ikipoa inaweza kufunga, na usimwange maji, chuma inapasuka. Ngoja nusu saa mpaka saa moja.

HAPA UNASIMAMA: kama freni imepoa kabisa na pedali haijarudi vile ilikuwa, ao unaona mafuta yanatoka kwa pine yoyote, usijaribu "kushuka polepole mpaka kwa fundi". Ita fundi aje pale pale. Hata kama ni kulala hapo.

Harufu ya kuungua, ao pine moja ya jeep iko moto kuliko zingine

Hii ilitufikia siyo mbali na Nyangezi, mvua ilikuwa inaanza. Konvoyere wangu, kijana mwenye pua nzuri, akaniambia "Yaya, kuko kitu inanuka sawa kiatu yenye iliungua." Mi nikasema ni kamio yenye ilitupita. Akasema "Yaya, kamio ilienda zamani." Nikasimama. Tulipofika ku jeep, pine ya nyuma ya kushoto matone ya mvua yalikuwa yanaanguka ku tamburi yake na kila tone lilikuwa linalia tsss na kupotea, tsss na kupotea, na rangi ya janti ilikuwa imeanza kuinuka sawa ngozi ya maziwa. Freni ya mukono ilikuwa imevutwa meno mbili. Meno mbili tu. Mu kituo cha nyuma tulikuwa tumeivuta juu ya usalama, na mi mwenyewe njo nilikuwa na kazi ya kuiachia. Toka siku ile tunafunga kitambaa chekundu ku usukani wa basi wakati freni ya mukono ya jeep imevutwa, na basi haiondoke mpaka kitambaa kitoke.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni hiyo, freni ya mukono. Ya pili ni kisanduku cha freni yenye kimewekwa kwa nguvu sana ao kimesogea mu kona na sasa kinakanyaga bila kuachia, kikazwe upya na punguza nguvu yake. Kumbuka motere ya jeep imezimwa, pedali yake inakuwa ngumu, usijaribu kuiweka sawa vile ingekuwa motere inawaka. Ya tatu ni kaliperi ao waya wa freni ya mukono yenye imeshika kutu na matope: inua pine na kriki, mbele ya hapo weka kala kwa zingine, zungusha na mukono. Ikikataa kuzunguka na freni zote zimeachiwa, ni hapo. Ya ine ni rulema, ile duara ya chuma yenye pine inazungukia. Hiyo inalia vrrr, na ukishika pine juu na chini na kuitikisa inacheza.

Rulema ikishacheza, jeep haivutwi tena. Pine inaweza kutoka yote na kuingia mu soko ao mu watoto ba shule benye banatembeaka ku kando ya barabara. Acha jeep hapo na mutu wa kuilinda, ita fundi.

Motere ya basi inapanda moto wakati wa kupanda

Kule juu maji yanachemka mbele ya digri 100. Bukavu ni karibu 95, na ukipanda barabara ya Bunyakiri yenye inapita mu parke ya Kahuzi-Biega, juu ya mita 2,000, ni karibu 93. Kifuniko cha radiatere njo kinashika presha na kuzuia maji yasichemke mapema, basi kifuniko cha dola kidogo chenye mupira wake umekufa kinaweza kukuaribia safari yote. Bashofere wengi banabadilisha termostati, banabadilisha pompe, banasahau kifuniko.

Lakini anza na rahisi zaidi. Ngoja ipoe, na kupoa ni nusu saa, si dakika 5, halafu angalia maji. USIFUNGUE radiatere ya moto, maji yanaruka usoni, nimeona mutu alipoteza ngozi ya mukono muzima. Maji yakiwa chini tafuta fasi yanatoka: mipira, chini ya pompe, alama nyeupe ao ya kijani ku radiatere. Halafu mukanda wa feni, bonyeza katikati na kidole, ukiingia sana umelegea. Halafu uso wa radiatere: kisha muvua ya Kavumu na Katana ule udongo mwekundu unakauka katikati ya mapezi na hewa haipite tena. Osha na maji ya nguvu kidogo toka ndani kwenda inje, usitumie presha kubwa juu mapezi yanalala.

Sababu yenye haionekane ni shofere anapanda na vitesi kubwa. Motere yetu ni 1HZ, dizeli ya sentimita kibiki 4,164 bila turbo, na motere bila turbo inapotezaka karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unapanda. Ku Bukavu iko imekwisha kupoteza, na bado unaivutisha jeep. Ukiilazimisha na vitesi ya 3 motere inazunguka polepole, pompe polepole, feni polepole, mazutu mingi, moshi mweusi nyuma. Shusha mpaka 2, acha izunguke vizuri na uende polepole. Kamio zikikufuata zitangoja. Mushale ukianza kupanda, zima klima kama iko, fungua shofaji ya ndani yote mpaka mwisho, utatoka jasho lakini inatoa moto mu motere, na tafuta fasi ya kusimama mbele haijafika nyekundu. Ukisimama usizime mara moja, acha izunguke kidogo bila muzigo, isipokuwa kama maji yametoka yote, hapo zima.

Kisha hapo ni termostati, feni yenye haishike wakati wa moto, radiatere yenye imeziba ndani.

UNASIMAMA kama unaona mapovu mu radiatere wakati motere inawaka ya baridi, ao mafuta ya motere yamekuwa sawa kahawa na maziwa, ao moshi mweupe haumaliziki. Hiyo ni joani ya kilasi, ile yenye inaziba kati ya kilasi (kichwa cha motere) na motere yenyewe. Kuendelea hata kilometa 10 ni kuua kilasi yote, na kilasi ya motere hii haiko bei ya kucheka.

Jeep inayumba nyuma, ao pine zake za mbele zinatikisika kwa nguvu

Tofautisha mbili. Kuyumba polepole kushoto-kuume kunatokaka ku muzigo na pine. Kutikisika haraka, mpaka unaona mu kioo uso wa jeep unatetemeka sawa mutu wa malaria, kunatokaka ku usukani wake.

Pima kwanza presha ya pine za jeep, zote ine, na mashine si na muguu. Pine moja ya chini inatosha kuleta yote mbili. Halafu angalia kama chuma cha kuvutia kimelala sawa. Fasi kinafungwa ku basi na fasi kinafungwa ku jeep visiachane urefu kupita sentimita 10, kikiwa kimeinama sana jeep inainuliwa ao kusukumwa chini kila mara unafunga freni, na usukani wake unakuwa mwepesi. Halafu muzigo mu jeep: basi ikijaa, mutu anatupa magunia nyuma ya jeep, mbele inainuka, usukani unacheza. Jeep iende tupu. Kabisa.

Kama hayo yote ni sawa, ni rotili na tije za usukani (viungo na vyuma vyenye vinageuza pine) zimechoka. Mutu moja azungushe usukani kidogo kidogo, mwingine alale chini aangalie na kushika kila kiungo. Chenye kinacheza na mukono kitacheza zaidi ku mawe.

Ikianza wakati unaendesha, usifunge freni kwa hofu ya gafla, punguza polepole kwa kuachia pedali ya gazi mpaka itulie, simama. Ikirudi mara ya pili siku hiyo, kata, endesha jeep peke yake. Usijaribu mara ya tatu.

Kelele kang-kang ku kroshe (fasi ya kufungia chuma nyuma ya basi), ao chuma cha kuvutia kimepinda

Kelele mupya wakati unaondoka na wakati unafunga freni: mara nyingi ni pini imechoka ao bulo (bolti) imelegea. Shika chuma na mikono mbili, tikisa. Bulo tunazipiga alama ya rangi nyeupe toka bulo mpaka ku chuma, mustari moja, ukiona mustari umekatika ujue bulo imezunguka. Ni rangi ya kucha ya bibi yangu, inatosha.

Kama chuma kimepinda, swali la kwanza ninauliza kila mutu ni: ulirudi nyuma? Karibu kila mara jibu ni ndiyo, mita mbili tu. Gari yenye inavutwa na pine zake zote ine chini HAIRUDISHWI nyuma, pine za mbele zinageuka zenyewe upande moja, jeep inaingia mu kona ya basi, na chuma kinalipa. Ukiingia fasi yenye haiwezekani kupita, unakata kwanza, jeep inarudi peke yake, basi inarudi peke yake. Kwa hiyo mbele ya kuingia mu kituo cha mazutu ao soko, tuma konvoyere atembee aangalie kama kuko njia ya kutoka mbele.

Chuma kilichopinda hakinyooshwi na nyundo na moto. Gereji moja ya hapa iliwahi kutushonea mguu wa kroshe na sudiri (kuunga chuma kwa moto) yenye ilikuwa nzuri kwa macho, imepakwa rangi nyeusi ya kungaa, na kisha siku mbili za mashimo nikaona ufa mwembamba sawa unywele kando ya sudiri. Tuliuona juu tulikuwa tunaosha. Kama hatungeosha? Minyororo miwili ya usalama njo ingebaki peke yake. Weka hiyo minyororo kila mara, ipitane chini ya chuma kama msalaba ili chuma kikianguka kiangukie juu yake na si ku barabara, na isiburuzike.

Ukiona ufa popote ku kroshe ao ku shasi, hakuna kuvuta tena mpaka fundi wa sudiri mwenye anajua shasi akate na kuweka kipande kipya. Hiyo haina ya "tutaangalia mbele".

Jeep inakataa kuenda kisha kuvutwa, ao mafuta ya vitesi yananuka

Ya haraka: gari otomatiki haivutwi na pine zenye zinasukuma zikiwa chini, isipokuwa kitabu chake kinaruhusu. Pompe ya mafuta ya bwate (sanduku la vitesi) inazungushwa na motere, motere ikiwa imezima vyuma vya ndani vinazunguka bila mafuta na vinaungua, na hauna alama yoyote mbele mpaka unakata gari na inalia tu bila kutembea. Ya CVT (otomatiki ya mukanda, bila vitesi vya kuhesabu) ni mbaya zaidi. Ya vitesi vya mukono kuko zenye zinakubali mu neutre na zenye hazikubali, ya 4x4 iko na levye ya pili yenye pia inapashwa kuwa fasi yake. Soma kitabu cha ile gari yenyewe, si ya jirani.

Kama tayari inanuka, usiiwashe kujaribu. Fungua bulo ya mafuta ya bwate, pata kidogo ku kidole: kama kuna vipande vya kungaa sawa unga wa feza, gari ipandishwe ku kamio mpaka kwa fundi.

Usukani wa jeep umefunga, betri imekufa, taa haziwaki

Hizi zinakuja pamoja juu ni ndugu. Ili usukani wa jeep usifunge, ufunguo lazima ubaki umezungushwa kidogo, na ufunguo ukiwa hivyo kuko vitu vinakula betri polepole, radio, taa kidogo, na kisha saa kazaa unafika kijijini jeep haiwaki. Sisi tulitoa fizibli (fyuzi) ya radio na vitu vya ndani, na tukapitisha waya kutoka ku basi wa kujaza betri ya jeep njiani. Basi nyingi za Coaster ziko volti 24 na jeep ni volti 12, USIUNGE moja kwa moja, inaomba kipunguza umeme katikati, na hiyo kazi mupe fundi wa umeme. Pia taa za jeep haziwezi kukula ile 24, ampule zinaungua zote mara moja. Iliwahi kutufikia, zote sita.

Usukani ukifunga njiani utaona alama nyeusi za mupira ku barabara kisha kila kona, na pine za mbele zinaburuzwa. Simama mara moja, zungusha ufunguo, na angalia pine kama uzi haujaonekana.

Taa zisipowaka anza na masi. Katika matope haya karibu kila mara ni masi: ule waya wenye unafungwa ku chuma cha shasi unashika kutu, na alama yake ni taa zenye zinafanya mambo ya ajabu, unapiga klinyota (taa ya kuonyesha kona) na taa ya freni inawaka pia. Kwangua chuma mpaka kingae, funga tena, paka grisi. Halafu plagi kati ya basi na jeep, ikauke, nyoosha vidude vyake. Halafu fizibli. Ampule za mwisho. Na kama giza limeingia na taa za nyuma ya jeep bado zimekufa, usiendelee kwa kuzani taa za basi zinaonekana, jeep inazifunika, na mutu wa pikipiki mwenye anakuja nyuma yako mu ukungu wa mulimani atakuona wakati amekwisha kufika. Kata jeep, iwashe taa zake mwenyewe, itembee mbele ya basi.